Faili Tupu na Ufunguo wa Jokofu

Jumatatu, 10 Februari 2025

Simu ya Agnetha imenikuta asubuhi, ndiyo kwanza natandaza karatasi zangu barazani, kwenye duka la madaftari la Nurdini. Shikamoo mjomba—kisha kilio. Nikamjibu: Marahaba, mwanangu, lia kwanza, halafu ueleze kwa mpangilio. Alieleza bila mpangilio wowote. Nayapanga mimi hapa.

Agnetha ni mtoto wa dada yangu Josepha wa Bukene. Ni muuguzi katika zahanati ya parokia, upande wa Puge, na ndiye mtunza ufunguo wa jokofu la chanjo. Jumamosi alipewa ruhusa kwenda Bukene kwenye harusi ya kaka yake, kwa sharti moja: kompyuta ya zahanati iachwe ikiandika joto la jokofu mpaka atakaporejea. Jumapili mchana ikaja dhoruba. Umeme ukakatika, kompyuta ikazimika. Leo mganga mfawidhi, Bwana Kashindye, ameiwasha na kulifungua faili la joto. Tupu! Hakuna hata tarakimu moja.

Hitimisho lake: Agnetha hakuiwasha programu. Alikimbilia kucheza harusi, akaziacha chanjo za watoto bila mlinzi.

Jambo kubwa kwanza, na tumshukuru Mungu kwalo: chanjo ni nzima. Jokofu lina sola yake, halikutegemea ule umeme uliokatika. Kila kichupa kina kibandiko kinachobadilika rangi kikipata joto, na hakuna hata kimoja kilichobadilika. Agnetha amekagua, Bwana Kashindye amekagua. Hakuna mtoto atakayedhurika. Niliposikia hivyo nilikaa. Kumbe muda wote nilikuwa nimesimama.

Lakini ufunguo amenyang'anywa. Kamati ya zahanati itakaa Jumanne ya wiki ijayo kuamua abaki au aondoke. Na muuguzi aliyefukuzwa kwa kutelekeza chanjo—nani atamwajiri tena?

Nilimuuliza: uliiwasha? Akasema: Mjomba, niliiona kwa macho yangu ikiandika.

Nimemwamini. Nitauandika utetezi mimi mwenyewe.

Jumanne, 11 Februari 2025

Nimesoma nakala ya barua ya Bwana Kashindye kwa kamati, Agnetha ameipiga picha na kunitumia. Barua gani ile! Tafadhali tatu, nukta moja. "Muhusika alitoroka majukumu." Mtu aliyepewa ruhusa hatoroki, husafiri. Nimeupigia mstari ule upotofu kwa wino mwekundu, nikajisikia nafuu kidogo.

Mimi sikuvuka darasa la saba. Kila kiunganishi ninachokijua nilikipata kwa kusoma hati za serikali zilizofungiwa vitumbua, na baadaye zile zisizofungiwa kitu. Lakini watu wa mtaa huu wa Kitete, wa sokoni, hata wa vijijini, wakitaka jambo lao lisikilizwe huja barazani hapa niwaandikie. Sheria yangu ni moja: hoja haiondoki mezani kwangu mpaka ikamilike. Utangulizi, maelezo, ushahidi, ombi, hitimisho. Nusu ya ombi ni aibu nzima.

Nurdini ananicheka. Asili yake Mzaramo, babu yao alikuja na misafara akalowea hapa. Kwa hiyo ni mtani wangu, na hana breki. Leo amepaza sauti mbele ya wateja: "Mnyamwezi huyu! Babu zake walibeba pembe begani kutoka hapa mpaka pwani. Yeye karatasi moja kuifikisha Puge inamshinda!"

Nikamjibu: Na babu zako walikuwa wamekaa pwani wakila madafu, wakingoja walete wengine. Ndiyo maana mpaka leo unauza kalamu usizojua kuzitumia.

Wateja wamecheka. Amenipa chai ya bure.

Josepha amepiga simu jioni. Mwadila, kaka, salamu yetu ya jioni, kisha: mtoto wangu anafukuzwa? Nikamwambia nitampa taarifa kamili suala likikamilika. Akasema: Sitaki kamili, nataka ya sasa hivi. Nikasema haipo. Amekata simu.

Jumatano, 12 Februari 2025

Siku ndefu—na mwisho wake mwema kuliko mwanzo wake.

Agnetha amefika kutoka Puge, macho yamevimba. Anakaa kwangu mpaka Jumanne. Nikamwita Shamila, binti wa Nurdini, anayefundisha kompyuta katika chuo kimoja cha hapa mjini. Ndiye aliyeitunga programu ile ya joto na kuwapa zahanati bure. Alikuja na uso wa mtu aliyekwisha kusikia.

"Shikamoo ba'mkubwa. Kabla hujasema kitu, programu yangu haina tatizo. Niliijaribu mbele yao wote."

"Marahaba. Sijasema kitu."

"Unakaribia kusema."

Agnetha akamwambia: Dada, hata mimi niliijaribu! Hapo pakawa pagumu, kwa sababu kama programu ni nzima basi Agnetha ni mwongo, na kama Agnetha si mwongo basi programu ni mbovu, na wote wawili walikuwa wameketi kwenye benchi moja.

Nikawaamuru waache maneno, Agnetha afanye mbele yetu yale yale aliyoyafanya Jumamosi. Tukatumia kompyuta ya duka. Hapakuwa na kipimajoto, Shamila akaiwekea tarakimu za kubuni.

Agnetha akaiwasha. Tarakimu za joto zikaanza kujipanga kwenye kioo, mstari baada ya mstari, nzuri kabisa. "Ndivyo nilivyoona," akasema. Kisha akaisimamisha, akaianza upya akiongeza kwenye amri alama ya mshale na jina la faili, ili maandishi yaende kwenye faili badala ya kioo. Kioo kikawa kitupu, jambo ambalo ndilo lililotakiwa.

Lazima nieleze kwa nini lilitakiwa. Zamani tarakimu zilikuwa zikionekana. Lakini kompyuta ile imekaa mahali panapoonekana na wagonjwa walioko foleni, na wagonjwa wakaanza kuzitazama kama mpira. Imepanda! Imeshuka! Bibi mmoja alikataa kupima presha mpaka joto litulie. Bwana Kashindye akataka faragha, akaja kwangu mwezi Desemba nimwandikie ombi kwa Shamila. Niliandika: "vipimo vihifadhiwe katika faili, visianikwe hadharani." Sentensi nzuri. Shamila akajibu kwa simu tu: ongezeni mshale. Na kweli siku hiyo hiyo wakaongeza.

Basi tukangoja. Nurdini akaleta kahawa na kashata. Tulipokwisha kunywa, Shamila akalifungua faili.

Tupu.

Akalifunga, akalifungua tena. Tupu. Na programu bado inakwenda!

Shamila akasogeza kiti karibu na kioo. Alijishika paji la uso. Baba yake akasema, sasa mbona profesa kanyamaza? Akajibu polepole: "Bafa. Baba, ni bafa. Niliwafundisha wanafunzi wangu jambo hili wiki iliyopita tu."

Agnetha alilia tena, lakini kilio cha leo jioni kilikuwa cha namna nyingine. Alikula ugali wote.

Ijumaa, 14 Februari 2025

Shamila ameniachia kurasa za kusoma, nami nimezisoma kama ninavyosoma sheria: kwa rula chini ya mstari.

Bafa ni mahali ndani ya kumbukumbu ya kompyuta ambapo maneno hukaa kabla ya kupelekwa yanakokwenda. Nimeandika "ghala la muda". Nurdini amesema: stoo. Haya, stoo.

Sikutarajia kustarehe, lakini nimestarehe. Lugha za kompyuta nazo zina adabu zake, na hazifanani! Lugha iitwayo C, ambayo ni kama mkubwa wao, kabla ya kutoa neno hutazama linakwenda wapi. Likienda kwenye kioo, mbele ya macho ya mtu, hutoa mstari mmoja mmoja. Likienda kwenye faili, hulimbikiza stooni mpaka stoo ijae, ndipo humwaga yote kwa mkupuo. Maana kila safari ya kwenda kwenye diski ina gharama yake, na faili halina haraka, halina macho. Python, aliyoitumia Shamila, ina tabia hiyo hiyo. Rust hutoa kila mstari hata kama anayepokea ni faili. Go, kwa njia yake ya kawaida, haina stoo kabisa: neno likitamkwa limekwenda, na mwenye kutaka stoo aiombe mwenyewe.

Kwa hiyo mashine iliongea mbele ya Agnetha, na ilipoona hakuna anayeitazama ikaanza kuweka akiba. Vipimo vya Jumamosi na Jumapili ni vifupi, havikuijaza stoo. Umeme ulipokatika stoo ikafutika na vyote vilivyomo. Faili halikuwahi kuletewa kitu.

Na jambo jingine, hili limenigusa mimi binafsi. Programu ina milango miwili ya kutolea maneno. Mmoja wa matokeo ya kawaida, mwingine wa makosa na malalamiko. Katika C ule wa malalamiko hauna stoo. Malalamiko hayangojeshwi! Hutoka pale pale, hata kama ni herufi moja, kwa sababu huenda mashine ikafa kabla ya kumaliza kulalamika. Miaka yote hii nimekuwa nikiandika malalamiko ya watu, na sijapata kuona ofisi yenye utaratibu mzuri kama huo.

Mchana Shamila alipita nikamuuliza maswali yangu. Swali la tatu: je, programu ikisimamishwa kwa kawaida, yaani mtu akiifunga kwa hiari yake, yaliyomo stooni huenda wapi? Akasema: Hapo hamna shida ba'mkubwa, kabla ya kuondoka huwa inamwaga kila kitu kwenye faili, ndiyo maana tangu Desemba hawakuona kasoro.

Nikaiweka kalamu chini.

Nikamwambia: Rudia.

Akarudia. Nikasema: Basi tazama. Kama Agnetha hakuiwasha kabisa, faili la Jumamosi lisingekuwepo, kwa kuwa ule mshale ndio unaoliumba. Nalo lipo, na barua yenyewe ya Bwana Kashindye inataja saa yake ya kuumbwa: Jumamosi mchana kabla hajaondoka. Kama aliiwasha kisha akaifunga akaenda zake, faili lingekuwa na walau kipimo cha kwanza. Halina! Faili lililopo na lililo tupu lina maana moja: programu iliwashwa, ikaachwa inakwenda, ikafa ghafla.

Shamila alinitazama. "Isipokuwa kama mtu aling'oa waya," akasema. Ni msomi mwaminifu. Lakini akaongeza kwamba kompyuta yenyewe huweka kumbukumbu zake za kuwaka na kuzimika, tutazitazama huko huko.

Utupu ndio shahidi wetu. Nimelisema neno hili kwa sauti, nikitembea barazani. Nurdini akaniuliza kama nimeoa tena.

Jumamosi, 15 Februari 2025

Tatizo. Shamila hataki kwenda Puge.

Hakusema hataki. Alisema ana ratiba, ana mitihani ya kusahihisha. Baadaye akasema ukweli: zahanati nyingine kadhaa za parokia zilikuwa zinakaribia kuichukua programu yake. Akisimama mbele ya kamati na kusema kosa ni langu, nani ataichukua? Akaomba niandike tu kwamba palikuwa na "hitilafu ya kiufundi". Nikamwambia maneno hayo mawili ndiyo hutumika kila mahali ambapo mtu hataki kutajwa.

Nurdini alikuwa akipanga madaftari, mgongo umetugeukia. Hakupandisha sauti. "Shamila mwanangu. Yule binti analala kwa jirani, kazi hana, kosa si lake. Wewe unalala kwako." Basi, akaendelea na madaftari.

Shamila akachukua mkoba akaondoka. Sijui ataamua nini.

Nimeandika ukurasa wa tatu wa utetezi. Sehemu ya ushahidi imekaa vizuri. Natafuta kiunganishi kati ya aya ya saba na ya nane.

Jumapili, 16 Februari 2025

Misa ya kwanza. Agnetha aliimba, nami sikuwa nimemsikia akiimba tangu aje.

Baada ya chakula akaniuliza kama utetezi umekwenda. Nikasema bado, aya ya nane. Akasema: Mjomba, si ungempelekea mwenyekiti hata neno moja kwanza, ajue tuna la kusema? Nikamweleza sheria yangu, na sababu zake, na historia yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho, ni mtoto mwenye heshima. Kisha akasema: "Mjomba, usinikasirikie. Wewe ndiyo hiyo programu."

Sikukasirika. Nilikwenda kumwagilia mchicha.

Jumatatu, 17 Februari 2025

Asubuhi muuguzi mwenzake amempigia Agnetha kwa siri. Huko inasemwa kwamba upande wake umenyamaza wiki nzima, na anayenyamaza amekubali. Bwana Kashindye amekwisha kumtafuta mtu wa kushika ufunguo kuanzia kesho, maana kesho ni siku ya kliniki ya watoto. Kamati itathibitisha tu!

Nilikuwa na kurasa nne mezani. Nzuri. Kamili, isipokuwa aya moja. Hakuna aliyezisoma zaidi yangu, na kwa kamati ile ni sawasawa na kwamba sikuandika chochote. Kurasa nne za stoo.

Mwenyekiti ni Mama Advera, mfanyabiashara wa mpunga. Namba yake Agnetha anayo. Nikachukua simu. Bila kichwa cha habari. Bila utangulizi. Bila "husika na kichwa cha habari hapo juu", kwa kuwa juu hapakuwa na kitu. Niliandika:

"Agnetha aliiwasha programu na tunaweza kuonyesha, tafadhali msiamue kabla hatujafika kesho."

Nikaitazama. Ilikuwa kama mtu aliyetoka nje bila shati. Nikaituma.

Jibu limekuja kabla kahawa haijapoa: "Mzee nilikua nangoja nisikie chochote. Njooni saa tatu. Advera." Nilikua, bila w. Sikulipigia mstari. Nimeonyesha kila mtu barazani.

Na wakati wa kufunga duka amekuja Shamila, mkononi ana waya wa kurefushia umeme. Akamwuliza Agnetha: Kesho tunaondoka saa ngapi? Nurdini akajifanya hakusikia, lakini alikosea kufunga kufuli mara mbili.

Nimepumua leo.

Jumanne, 18 Februari 2025

Naandika nikiwa kwenye benchi la wagonjwa, nje ya chumba cha kamati. Nitaandika kila jambo linapotokea. Si kawaida yangu, na mwandiko unaonyesha.

Tumefika mapema. Akina mama wa kliniki wamekwisha kujaa, watoto mgongoni. Wengi wamemsalimu Agnetha kana kwamba hawajui lolote. Mmoja akamwuliza alikuwa wapi juma lote, mtoto wake amechelewa chanjo ya miezi tisa. Agnetha akasema: Nilikuwa mjini, mama. Akatazama chini.

Tukaitwa ndani. Ufunguo wa jokofu ulikuwa mezani mbele ya Bwana Kashindye, umefungiwa kitambaa chekundu. Bwana Kashindye si mtu mbaya. Amekonda wiki hii, ameshika kazi za watu wawili. Alisimama akasema alilolisema katika barua, kwa nukta zaidi.

Nikasimama na kurasa zangu. Nimeanza: "Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe, kwa unyenyekevu mkubwa na kwa kuzingatia—"

Mama Advera akainua mkono. "Mzee wangu, shikamoo. Hayo utaniachia nitayasoma nyumbani, naapa. Sasa hivi nataka nielewe. Binti, hebu sema wewe. Ilikuwaje?"

Nikakaa. Nilidhani nitaona uchungu. Nilimtazama Agnetha tu.

Akasema hivi, nanukuu kadiri nilivyokumbuka: "Mama, ni kama Fuso yako ya mpunga hapo Puge. Haiondoki mpaka ijae, si ndiyo? Gunia moja likiwa la haraka unampa wa bodaboda, linakwenda peke yake. Kompyuta ikiwa inaandika kwenye kioo, inatumia bodaboda. Nimeiona kwa macho, kila mstari unafika. Nikiiambia iandike kwenye faili, inabadilisha, inapakia kwenye Fuso. Mimi nikaenda harusini nikijua mizigo inafika. Kumbe yote iko garini, gari halijajaa, halijaondoka. Umeme ukakatika, gari likaungua na magunia yake. Bwana mkubwa akaenda gulioni akakuta patupu, akasema sikupakia."

Mjumbe mmoja, mzee wa kanisa, akauliza: na dereva hakukuambia? Watu wakacheka—hata Bwana Kashindye, ila alijizuia upesi.

Hapo akasimama Shamila. Hakutumia yale maneno mawili. Alisema: "Dereva ni mimi. Programu niliitunga mimi, na mlipoomba iandike kwenye faili nilijibu kwa simu bila kuijaribu. Agnetha alifanya kila alichoelekezwa."

Kisha vitendo. Akaiwasha programu mbele yao, ikaandika kwenye faili, tukangoja, akang'oa waya. Akairudishia umeme, akafungua faili. Tupu! Kama lile la Jumamosi. Mama Advera akainuka kwenye kiti kuja kutazama utupu ule kwa karibu. Shamila akaongeza neno moja la amri ndani ya programu, kwamba kila mstari ukipatikana uondoke, gari lijae lisijae. Akaiendesha, tukangoja, akang'oa tena. Safari hii vipimo vyote vilikuwepo, kasoro labda cha mwisho.

Bwana Kashindye akauliza lile nililolitegemea: Na tutajuaje kwamba Agnetha naye hakung'oa waya Jumamosi ndipo akaondoka? Swali la haki. Shamila akafungua kumbukumbu za kompyuta yenyewe. Ilikuwa inawaka Jumamosi yote, na usiku wake, na Jumapili, mpaka saa ya dhoruba. Nikaomba nafasi ya sentensi moja. Nikapewa. Nikasema: Angeifunga kwa mkono wake, faili lisingekuwa tupu.

Sentensi moja. Mama Advera akaomba niirudie, nikairudia. Mzee wa kanisa akaiandika kwenye kiganja.

Wametutoa nje ili wajadiliane.

—

Bado wanajadiliana. Shamila amekaa karibu na Agnetha, wanakula karanga kwenye karatasi moja. Ameniambia kwamba mjumbe mmoja alimfuata mlangoni akitaka kujua kama programu iliyorekebishwa inaweza kupelekwa kwenye zahanati ya kijijini kwa mkwewe. Alicheka tu.

Simu ya Josepha imeita. Sijui la kumwambia, hakuna uamuzi. Sikupokea. Kisha nikafikiri. Nikamwandikia: "Wamemsikiliza vizuri. Bado wako ndani." Nikatuma.

Akajibu papo hapo: "Asante kaka. Endelea."

—

Akina mama wa kliniki wamechoka. Jua limefika kwenye benchi. Watoto wameanza kulia, mmoja akimwambukiza mwenzake. Mama yule wa miezi tisa amegonga mlango wa kamati mwenyewe, hakumngoja mtu! Nimemsikia akisema: Samahani jamani, nyie mna maneno, sisi tuna watoto. Nesi yupo hapa nje amekaa, ufunguo uko humo ndani. Sasa?

Kisha kiti kikavutwa.

Aliyetoka ni Bwana Kashindye. Ana ufunguo mkononi, kile kitambaa chekundu kinaning'inia. Amesimama mbele ya Agnetha. Hakusema samahani, wala hakusema kitu kinachofanana nayo. Amesema: "Barafu nilibadilisha asubuhi. Vichupa vya surua viko rafu ya juu."

Agnetha amesimama. Amefuta mikono ya karanga kwenye sketi, akaupokea kwa mikono miwili.

Nimemwandikia Josepha: "Ufunguo uko mkononi mwake." Bila salamu. Bila hitimisho, kwa kuwa hitimisho halipo, ndani bado wanazungumza na nimesikia mtu akisema "hata hivyo". Nimetuma.

"Endelea," amesema.

Mtoto wa kwanza amelia. Kilio cha sindano, nakijua. Nimemwandikia: "Amemchoma mtoto wa kwanza. Analia vizuri sana." Nimetuma.

Kurasa nne ziko mfukoni, zimejikunja. Sasa mlango wa kamati unafunguliwa. Mama Advera anatoka, miwani mkononi, anatafuta kwa macho tulipo. Namwandikia Josepha kwamba mlango umefunguliwa—